Mkono wa Profesa Mbelwa

Kila asubuhi darasa zima la mwaka wa kwanza liliuamkia mkono wa kulia wa Nyamizi.

"Shikamoo, Profesa!" walisema, wengine wakicheka, wengine kwa adabu kabisa, na Nyamizi akauinua ule mkono kidogo na kuitikia kwa niaba yake, "Marahaba, wajukuu zangu. Mmeamkaje?" Ndiyo ilikuwa desturi ya Chuo cha Utafiti wa Tiba cha Lugusa, na mgeni aliyeiona ni wazimu aliambiwa akae muhula mmoja kwanza ndipo afungue mdomo. Mwenye mkono alikuwa binti wa muuza mchele, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, hajafika hata miaka thelathini. Mkono wenyewe ulikuwa wa marehemu Profesa Anzuruni Mbelwa.

Msomaji asije akadhani pale Lugusa watu walikatana mikono. La hasha. Profesa Mbelwa alipokaribia kustaafu, walimpandikizia chembe hai kwenye mishipa ya fahamu ya mkono wake, wakamwacha apasue mbu kwa mwaka mzima. Chembe zile zikajifunza kila alichokifanya, jinsi alivyokishika kibano, alivyoiingiza sindano, alivyovuta, alivyotulia. Kisha wakazivuna wakazikuza, zikawa kitu chembamba cheupe ambacho watu wa maabara walikiita uzi. Uzi ulipandikizwa kuanzia kwenye kiwiko hadi ncha za vidole, nao ukishashika, mwanafunzi aliyekuwa hajui hata kuchomoa mwiba anapasua mbu kama bingwa. Na Mbelwa alikuwa bingwa kweli. Katika fani ile hakuna aliyemfikia alipokuwa hai, na alipokufa hakukuwa tena na haja ya kumfikia, maana kila mtu alikuwa naye.

Kila mtu, ndiyo. Maabara zote za nchi na za jirani zilikuwa zimechukua uzi wa Lugusa. Jibu likitoka Lugusa, likarudiwa kwingine na kutoka vilevile, watu wakapongezana wakasema sayansi imekomaa. Nani aliyejiuliza ni mkono wa nani uliorudia? Hakuna.

Jumanne ile mchana Nyamizi alikuwa peke yake maabara, anajinoa kwa mtihani wa mkono. Mtihani huo ndio uliofunga masomo ya darasani na kumruhusu mtu kuandika tasnifu, na yeye alishaapa kuupita kwa kishindo. Mbele yake kulikuwa na kizimba cha mbu walionyonya damu ya watu waliopata chanjo mpya. Chanjo hiyo haikumkinga aliyechomwa. Iliingia tumboni mwa mbu pamoja na damu, ikaviua humo vimelea vya malaria, ili mbu akienda kumuuma jirani asiwe na cha kumpa. Kujua kama inafanya kazi kulikuwa na njia moja tu: umchukue mbu, uvute utumbo wake ukiwa mzima, uuweke chini ya darubini, uhesabu vifuko ambamo vimelea wanazaliana. Mwaka mzima Nyamizi alikuwa amehesabu, na karibu kila utumbo ulikuwa mweupe pee. Ijumaa bodi ya kuidhinisha chanjo ilikuwa inakaa kutia saini. Ikishatia, kata yote ya Isungu itachanjwa, na wapuliza dawa majumbani wataondolewa, kwa kuwa hawatakuwa na kazi tena.

Sasa, Nyamizi alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Bibi yake alimfunga huo mkono kwa kitambaa utotoni mpaka akajua kula kwa kulia kama watu wengine, lakini kalamu na kisu havikuhama. Uzi aliwekewa kulia kwa sababu Mbelwa alitumia kulia, basi. Na mchana ule, kwa kazi nyingi, mkono wa Profesa ulishikwa na kukakamaa. Kanuni ilisema upumzishwe. Lakini huyu binti kukaa bure alikuwa hajui. Akahamishia kibano kushoto, kwa kujifurahisha tu.

Ee! Aliowapata mwanzoni aliwachakaza, hata jina la mbu hawakustahili tena. Akajicheka. Akamchukua mwingine, akavuta polepole sana, akihisi utumbo unavyonyooka, na ulipogoma akasubiri, ukalegea, akavuta tena. Ukatoka mzima. Akauweka chini ya darubini kwa furaha ya mtoto aliyefunga kamba za viatu mwenyewe.

Vifuko vilikuwa vimejaa. Si kimoja wala viwili. Vilikuwa vimerundikana upande mmoja wa utumbo kama punje za mtama kwenye kona ya gunia, vinono, vya uhai mtupu.

"Nimekosea kizimba," alisema kwa sauti. Akasoma lebo. Hakukosea. Akapasua mwingine kwa kushoto, na mwingine, na mwingine. Wawili aliwaharibu. Waliobaki wote walikuwa na vifuko, vimerundikana vilevile mahali pamoja.

Hapo akaurudisha mkono wa Profesa kazini, ukakamae usikakamae. Ukamchukua mbu wa kizimba kilekile, ukavuta kwa lile pigo moja la haraka lililomfanya Mbelwa asifiwe kote, na utumbo ukapasuka. Kabla Nyamizi hajawaza lolote, vidole vilikwishautupa kwenye bakuli la jiki. Utumbo uliopasuka hauhesabiwi: ndiyo kanuni ya kwanza ya fani, maana vifuko vikipasuka nao hakibaki cha kuhesabu. Wa pili ukatoka mzima, mweupe. Wa tatu ukapasuka, ukatupwa.

Nyamizi akalitazama lile bakuli. Mwaka mzima lilikuwa pembeni ya kiwiko chake, na hata siku moja hakuwahi kujiuliza limejaa kiasi gani.

Akajaribu kuuzuia mkono. Akauambia kimoyomoyo, taratibu, taratibu, akakaza misuli ya bega, akauma meno. Ulipogusa mbu, ukavuta kwa pigo lilelile. Uzi ulijua njia moja tu, na mwenye kuifundisha alikuwa kaburini.

Akamwita Shomvi. Shomvi alikuwa mwanafunzi mwenzake, kijana wa Bagamoyo asiyeishiwa maneno, naye pia alikuwa na mkono wa Mbelwa.

"Bibie, umeniitia mbu?" alisema akivaa glavu. "Mimi nilidhani umepika."

"Pasua hawa kwanza. Kisha wapasue wengine kwa kushoto."

"Kwa kushoto? Unataka kunitoa jicho?" Lakini akapasua, huku akilalamika, na kadiri alivyopasua ndivyo malalamiko yalivyopungua. Ulipotoka utumbo wake wa kwanza mzima wa mkono wa kushoto, aliinama kwenye darubini akakaa hapo muda mrefu. Alipoinua uso, utani wote ulikuwa umemtoka.

"Chanjo haiwaui vimelea," Nyamizi alisema. "Inawasukuma upande mmoja. Wakirundikana hapo, utumbo unakuwa mgumu mahali pamoja, na ukiuvuta haraka unakatikia papo hapo. Wenye ugonjwa wote tunawatupa, Shomvi. Tunahesabu wazima tu. Profesa hakuwahi kukutana na utumbo wa namna hii, chanjo haikuwepo enzi zake. Angekutana nao angebadilisha mkono. Huu hauwezi kubadilika."

"Na Kampala wamepata jibu kama letu. Na Lilongwe."

"Kwa mikono ya nani?"

Shomvi akavua glavu. "Tasnifu yangu nzima ni hiyo," alisema. "Mke wangu ameshanunua kitenge cha mahafali. Nyamizi, mimi sijaona kitu leo. Nisamehe. Sijaona." Akaondoka, na mlango ukajifunga wenyewe nyuma yake.

Alimchukia kwa muda mfupi. Kisha hasira ikaisha, maana na yeye alikuwa na tasnifu ya kuandika.

*

Dakta Kokuhirwa, msimamizi wake, ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza duniani kuwekewa uzi. Alikuwa mwanafunzi kipenzi wa Mbelwa, na ndiye aliyemuuguza mpaka mwisho. Watu walisema ukitaka kumwona Profesa akiwa hai, nenda ukamtazame Dakta Kokuhirwa akipasua. Alimsikiliza Nyamizi Jumatano asubuhi bila kumkatiza, kisha akaifunga kompyuta yake taratibu.

"Mkono wako wa kushoto umesajiliwa?"

"Hapana, Dakta."

"Basi mbele ya bodi huo si ushahidi. Ni binti anayechezea mbu kwa mkono usiofundishwa. Watakuambia umechanganya vizimba, umechafua vioo, na hutakuwa na la kujibu."

"Dakta aje apasue kwa kushoto mwenyewe. Aone."

"Nakuamini," alisema Dakta Kokuhirwa, na Nyamizi akashtuka, maana alikuwa amejiandaa kwa kila jibu isipokuwa hilo. "Unadhani sijawahi kuliona bakuli? Nimeliona likijaa. Nikasema ni mbu dhaifu. Ni joto. Ni chakula chao." Akaisukuma kompyuta pembeni. "Sasa nisikilize, mwanangu. Ukisimama Ijumaa na kusema mikono yetu ni mibovu, haitaanguka chanjo hii peke yake. Kila kilichopimwa kwa mkono huu kitatiliwa shaka. Kesho mama kule kijijini atasikia redioni kwamba wataalamu walidanganyana kuhusu chanjo. Atasikia chanjo, basi, hatasikia ipi. Atakataa ya surua. Atakataa ya polio. Watoto watakufa kwa ukweli wako. Umelifikiria hilo?"

Hakuwa amelifikiria.

"Tungoje," Dakta aliendelea kwa upole. "Chanjo itolewe, tuipime upya kimyakimya, tuirekebishe. Mwaka mmoja tu. Hakuna atakayeaibika."

"Na Isungu mwaka huo? Wapuliza dawa si wanaondolewa?"

Dakta akaanza kupanga karatasi zake mezani.

"Dada yangu ameolewa Isungu," Nyamizi alisema. "Jana amenipigia simu. Amefurahi kweli, ameambiwa dawa ya kupuliza haitakuja tena kunukisha nyumba, eti sasa wasomi wametuokoa. Ana mapacha, Dakta, hawajaanza hata kutambaa. Nilishindwa kumjibu."

"Usiniletee mapacha hapa! Mimi nimezika watu wa malaria kabla hujazaliwa." Sauti ya Dakta ilipasuka, akaushika mkono wake wa kulia kwa kushoto, kama mtu anayemshika mwenzake asiondoke. "Unajua mimi nikishika kibano ninamsikia? Mwanamume yule amekufa, na mimi ninamsikia anavyovuta pumzi kabla ya kuvuta utumbo. Wewe umepewa uzi. Mimi nimeachiwa mtu."

Nyamizi alimwonea huruma kwa moyo wake wote. Lakini huruma haikumgeuza. Alikuwa ameshaipata njia njiani akija, na sasa aliona hakuna nyingine.

"Kanuni inasema mtafiti yeyote mwenye mkono uliosajiliwa anaweza kudai hesabu ya mashahidi kabla bodi haijatia saini," alisema. "Inasema mkono. Haisemi uzi. Nitautoa uzi, nipasue kwa mkono uleule uliosajiliwa, mbele yao."

"Ukishayeyushwa haurudi. Mwili unaukataa maisha yako yote. Hutapita mtihani wa mkono, hapa wala popote. Uzamivu wako utaumaliza na nini?"

"Sijui, Dakta."

"Na akina mama watakaokataa surua?"

"Nitakwenda kuwaambia mwenyewe, nyumba hadi nyumba, ni chanjo ipi na kosa lilikuwa nini. Hilo naweza. Wakituamini kwa sababu tumewaficha, wakigundua watatuamini tena kwa lipi?" Akasimama. "Nisamehe. Nakuheshimu kama mama yangu. Ijumaa nitadai hesabu."

*

Sista Foibe, muuguzi aliyekuwa akipandikiza na kuondoa nyuzi, alimchoma sindano ya kuyeyusha Ijumaa asubuhi, kwenye maabara ya kufundishia, bodi ikitazama. Mwenyekiti, Profesa Lutashobya, alikuwa ametaka ashuhudie kwa macho yake asije akaambiwa kuna kiini macho.

"Utasikia baridi," Sista alinong'ona. "Halafu ganzi. Pole, mwanangu."

Alisikia baridi ikishuka kutoka kwenye kiwiko, na kile kilichokuwa kimekaa mkononi mwake mwaka mzima, ile hakika, ule utulivu usiokuwa wake, kikapungua, kikapungua, kikaisha. Alijiandaa kwa maumivu. Hakujiandaa kwa upweke. Akakunja vidole vyake, vikakunjika ovyo, vizito, vidole vya mtu aliyefundishwa kutumia mkono wa kulia kwa ajili ya kula tu.

"Haya," alisema Mwenyekiti. "Tuna kikao."

Mbu wa kwanza alimponda. Utumbo wa mbu wa pili ulikatika katikati, akautupa kama kanuni isemavyo. Kwenye safu ya viti mtu mmoja akaguna, mwingine akacheka kidogo puani. Shomvi alikuwa amesimama nyuma kabisa, ameinamisha kichwa. Kibano kikamtoka Nyamizi mkononi kikaanguka sakafuni, kikalia, na Sista Foibe akampa kingine.

"Binti, inatosha," alisema Mwenyekiti, na hakuwa anamsema kwa ubaya. "Umejaribu. Tumeona. Usijidhalilishe."

"Bado, Mwenyekiti."

"Mkono unatetemeka."

"Unatetemeka, ndiyo. Bado."

Akapiga moyo konde. Aliwaza jinsi mkono wa kushoto ulivyofanya, akaanza kuufundisha wa kulia papo hapo mbele ya watu, ukaidi wake wote ukiwa kwenye ncha mbili za chuma. Mbu wa tatu akapasuka. Kwa wa nne akavuta, akahisi unagoma, akaacha kuvuta. Akangoja huku shingo ikimuuma. Watu waliacha kukohoa. Ukalegea, akavuta tena, ukatoka wote, mrefu, mzima, ukalala kwenye tone la maji.

Akasogea pembeni. "Mwenyekiti, karibu uhesabu."

Profesa Lutashobya aliinama kwenye darubini akaanza kuhesabu kwa sauti ya mtu anayetaka kumaliza. Alipofika kumi sauti ikapungua. Alipopita ishirini aliacha kutamka, midomo ikawa inacheza tu. Alipoinuka alivua miwani, akaifuta, akairudisha, akatazama tena.

"Huyu amenyonya damu ya aliyechanjwa?"

"Lebo hiyo hapo. Wewe mwenyewe umeitia muhuri."

Minong'ono ikazuka. Mwenyekiti akainua kiganja. "Utumbo mmoja," alisema, na sasa alikuwa anatafuta maneno. "Utumbo mmoja, wa mwanafunzi mmoja, mkono una ganzi, watatu wameharibika. Siwezi kusimamisha mpango wa nchi kwa utumbo mmoja. Mnanielewa? Ningekuwa na mkono mkubwa unaosema hivi, mkono usioweza kubishiwa..."

"Nitapasua wengine," alisema Nyamizi. "Nitapasua mpaka jioni."

"Watasema ni wewe yuleyule."

Hapo kiti kikaburuzwa. Dakta Kokuhirwa alikuwa amekaa mwisho wa safu ya bodi tangu kikao kianze, hajamtazama mwanafunzi wake hata mara moja. Alinyanyuka, akatembea hadi kwa Sista Foibe, akafungua kifungo cha mkono wa gauni, akaukunja hadi juu ya kiwiko. Akauweka mkono mezani. Mkono ule ulitulia kabisa, mzuri, haujui linalokuja.

"Dakta," alisema Sista, sindano ikiwa imesimama hewani. "Huu ndio wa kwanza. Huu ndio wenyewe."

"Najua ni upi. Toa."

"Kokuhirwa!" Mwenyekiti akaita. "Fikiri, tafadhali!"

"Nimefikiri kuanzia juzi. Choma, Sista, kabla sijakimbia."

Sista akachoma. Dakta Kokuhirwa hakufumba macho. Alitazama mkono wake muda wote, na baridi ilipofika kwenye vidole, midomo yake ikasema kitu kidogo ambacho hakuna aliyekisikia, machozi yakamshuka mpaka kidevuni, hakuyafuta. Kisha vidole vikaanza kutetemeka kama vya mtu yeyote.

Akavuta kiti akakaa kwenye darubini iliyokuwa karibu na ya Nyamizi. Akashika kibano. Akakigeuza huku na huku, hajui akishike vipi, yeye aliyefundisha nusu ya watu waliokuwa mle chumbani. Mbu alikuwa mbele yake, na bodi nzima ilikuwa imesimama.

"Nifundishe," alimwambia Nyamizi.

"Dakta..."

"Sijawahi kuvuta mwenyewe. Nifundishe, mwanangu. Unaanzaje?"

Nyamizi akasogeza kiti chake mpaka mabega yakagusana.

"Ingiza sindano hapo, kifuani, usimbane sana. Sasa vuta. Taratibu. Ukisikia unagoma, usilazimishe, ngoja."

"Unagoma."

"Ngoja."

Wakangoja wote wawili.